Sajenti na Pampu Namba 2

Mtu ninayemkumbuka hapa alikuwa na kazi mbili, na zote mbili zilikuwa za maji. Siku tano za wiki alikuwa fundi katika mtambo wa maji wa mji mdogo ulioko magharibi mwa Pennsylvania, Marekani. Na Jumamosi na Jumapili moja ya kila mwezi, pamoja na wiki mbili za kila mwaka, alikuwa sajenti wa jeshi la akiba katika kikosi ambacho kazi yake ilikuwa ileile, isipokuwa huko maji yalivutwa kutoka mtoni au baharini na kufanywa ya kunywa kwa ajili ya askari. Aliuawa Iraki mwaka 2006. Sitalitaja jina lake, kwa sababu mama yake angali hai na hapendi kukutana nalo mahali asipolitarajia. Kambini nilimwita Sajenti, na hapa nitamwita hivyohivyo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale. Nilijiunga na jeshi la akiba nikiwa na kadi ya ukaaji wa kudumu, kwa sababu ambazo sioni haja ya kuzipamba: nilihitaji karo ya chuo, na nilitaka uraia bila kungoja miaka mitano, jambo ambalo sheria ya huko inamruhusu mhamiaji aliyetumikia jeshi katika kipindi cha vita kilichohesabiwa kuanzia Septemba 11, 2001. Sajenti ndiye aliyenifundisha mtambo. Alikuwa na umri wa miaka 41, hakuwa na mke wala mtoto, na alikuwa na tabia ya kuweka kiganja juu ya pampu inayofanya kazi, kama daktari anayempima mtoto homa, kisha kutamka ugonjwa wake kabla hajaangalia geji yoyote. Mtambo wetu mkubwa ulisukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba unaozuia chumvi na uchafu, ukatoa galoni 3,000 kwa saa, na kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kupima klorini kila saa na kuandika. Sajenti alisisitiza kuandika kuliko kupima. Alisema kipimo kisichoandikwa ni uvumi.

Kabla ya kwenda Iraki alitupeleka wachache wetu Greensburg, mji wa jimbo hilohilo, kuona ukumbusho uliopo kwenye kituo cha jeshi la akiba. Tarehe 25 Februari 1991, kombora la Scud lililorushwa kutoka Iraki liliangukia ghala lililogeuzwa bweni la askari karibu na Dhahran, Saudia, na watu 28 wakafa. Kati yao, 13 walikuwa wa kikosi kimoja kidogo cha akiba kutoka Greensburg, Kikosi cha 14 cha Ugavi, chenye watu 69, na kazi yao ilikuwa kusafisha maji kama sisi. Walikuwa wamefika Saudia siku sita tu kabla, na vita vilisitishwa siku tatu baadaye. Nilitarajia Sajenti atatutolea hotuba ya ushujaa, maana wakubwa wetu walizipenda hotuba hizo. Alisimama kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Siku ile ilikuwa Jumatatu. Kazini kwao, nani alishika zamu zao?"

Sikulielewa swali lile wakati huo. Nililiona la mtu anayewaza mshahara.

Kifo chenyewe sitakisimulia kwa kirefu, kwa sababu sikukiona, na walioona hawakunipa ruhusa ya kukisimulia. Alikuwa katika msafara wa malori katika mkoa wa Anbar, akipeleka vipuri kwenye kituo kingine cha maji, na bomu lililotegwa kando ya barabara likalipuka. Mimi nilikuwa ukingoni mwa Mto Furati nikipima klorini. Tulijua kuna aliyekufa kabla hatujaambiwa ni nani, kwa sababu simu na intaneti za kambi nzima zilikatwa kwa ghafula. Ndio utaratibu wao: mawasiliano hufungwa mpaka jamaa wapewe habari ana kwa ana, ili mzazi asipate tanzia ya mwanawe kwa ujumbe wa mtu asiyehusika. Maafisa wawili waliovaa sare rasmi hubisha hodi mlangoni, na hawabishi kabla ya saa kumi na moja alfajiri wala baada ya saa sita usiku. Simu zilipofunguliwa nilimpigia mama yangu Mombasa, naye alikuwa hajalala siku mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni nani?" aliuliza hapohapo, bila kungoja habari nyingine. Nilipomwambia, akanyamaza, kisha akasema, "Inna lillahi. Mama yake yupo?"

Nilimjibu kwamba nadhani yupo.

Siku ya tatu tulifanya kumbukumbu palepale kambini. Bunduki yake ilisimikwa mtutu ukitazama chini, kofia yake ya chuma ikawekwa juu ya kitako, buti zake zikapangwa mbele, na vibati vyake vya utambulisho vikaning'inizwa. Kisha sajenti mkuu wa kombania akaanza kuita majina, kama anavyoita kila asubuhi. Wa kwanza aliitwa, akajibu kwamba yupo. Wa pili naye akajibu. Ndipo akaita cheo na jina la ukoo la Sajenti, na hakuna aliyejibu. Akaita tena, safari hii akaongeza jina lake la kwanza. Mara ya tatu alilitaja lote kamili, pamoja na jina la katikati ambalo sikuwahi kulisikia, na ukimya uliofuata ulikuwa mzito kiasi kwamba niliisikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti.

Nilijikuta nimerudi makaburini kwetu. Baada ya kaburi kufukiwa, msomaji wa talkini huketi upande wa kichwani na kumwita maiti kwa jina, akimnasibisha na mama yake badala ya baba, na kumkumbusha majibu atakayotoa. Naye pia haitikiwi. Tangu utotoni nimeiona talkini mara nyingi, na sikuwahi kufikiria kwamba askari wa Kimarekani, ambao wengi wao hawajui hata Mombasa iko wapi, wangeweza kumwita mfu mara tatu huku wakijua wazi kwamba hajibu. Jambo jingine lilinipata hapohapo, na liliniumiza: kama ningetakiwa kumsomea talkini Sajenti, nisingeweza, kwa kuwa sikujua mama yake anaitwa nani. Nilimjua kwa miaka mitatu, na nilichokuwa nacho ni nusu yake tu.

Wiki ile nilimwandikia mama huyo barua. Ilikuwa barua mbaya, ingawa kila aliyeisoma kambini aliisifu. Nilitumia maneno yote yanayotumiwa: shujaa, kujitolea, kiongozi wa mfano, taifa lenye shukrani. Hakunijibu, nami nikajiambia kwamba msiba haumpi mtu nafasi ya kujibu barua.

Nilirudi Pennsylvania miezi saba baadaye, na nilichelewesha kwenda kumhani kwa karibu miezi mingine mitatu. Kwetu hilo ni aibu. Mtu husafiri usiku kucha kutoka Lamu ili awahi matanga, na anayekawia hutoa udhuru mlangoni kabla hajaketi. Udhuru wangu ulikuwa woga. Nilipofika, aliyenifungulia ni bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, na kwa kuwa ulimi wangu haukukubali kumwita mtu wa rika la mama yangu kwa jina lake, nilimwita "Mama". Alilikubali neno hilo bila kuuliza, na mpaka leo ndilo ninalomwitia.

Sebuleni kulikuwa na kabati dogo la kioo lenye bendera iliyokunjwa pembetatu, na kando yake kile kipini chenye nyota ya dhahabu ambacho serikali huwapa wazazi, wenzi, watoto na ndugu wa aliyeuawa vitani. Maafisa walikuwa wamemtendea vyema, alisema. Yule aliyepewa jukumu la kumsaidia alimkamilishia karatasi zote na mpaka siku hiyo alikuwa akimpigia simu. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Barua yako niliipata. Ni nzuri. Nilipata barua nyingi nzuri, na zote zinamzungumzia mtu mmoja ambaye mimi simjui."

Sikuwa na jibu. Kwa kukosa la kusema, nilimwambia kwamba mwanawe alikuwa akiweka kiganja juu ya pampu kabla ya kutazama geji. Aliinua uso. Aliniuliza mkono upi. Nikamwambia wa kushoto, kwa sababu wa kulia siku zote ulikuwa na kikombe cha kahawa. Alinitaka nirudie, nikarudia, naye akacheka kidogo huku akijifuta macho, akasema baba yake, marehemu, alifanya vivyo hivyo juu ya boneti la gari.

Niliporudi nyumbani usiku huo nililielewa swali la Greensburg. Askari wa kudumu akifa, wanaomlilia kwa sehemu kubwa walimjua akiwa askari, maana kambi ndiyo mtaa wake, na watoto wake husoma na watoto wa wenzake. Askari wa akiba ana watu wa namna mbili ambao hawajuani. Sisi wa kikosi tulikuwa na mwaka wake mmoja na Jumamosi zake. Zilizobaki zilikuwa mahali pengine, kwa watu ambao sare ilipoletwa mbele walisogea nyuma wakidhani hawana haki ya kusema.

Kwa hiyo nilikwenda kwenye mtambo wa maji wa mji wao. Msimamizi wake wa zamu, mzee mwenye mikono iliyobabuka kwa kemikali, alinipokea kwa shaka mpaka nilipomwambia nilifundishwa kazi na nani. Alinipeleka moja kwa moja kwenye kabati la chuma la Sajenti, ambalo lilikuwa bado limefungwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inamtaka mwajiri amrudishe kazini mfanyakazi aliyeitwa jeshini, na kwa hiyo nafasi yake walikuwa wameishika kwa haki kabisa; kilichowashinda ni kwamba hakuna sheria inayosema kabati la asiyerudi lifunguliwe lini.

Wao ndio walionisimulia mazishi, ambayo mimi sikuyaona. Mwaka ule maiti za askari, zikishapokelewa katika kambi ya anga ya Dover, Delaware, bado zilisafirishwa hadi makwao kwa ndege za kawaida za abiria. Ni kuanzia mwaka 2007 tu ambapo sheria mpya ilitaka zipelekwe kwa ndege za kijeshi au za kukodi. Mafundi sita wa maji walisimama uwanja wa ndege na mavazi yao ya kazi, kwa kuwa zamu ilikuwa haijaisha, wakatazama jeneza lililofunikwa bendera likishuka kutoka tumbo la ndege kwa mkanda uleule unaoshusha masanduku ya wasafiri. Abiria walikuwa wameombwa wabaki vitini. Msimamizi alisema kuna uso wa mtoto ulioonekana dirishani, na kwamba mpaka leo anajiuliza yule mtoto aliambiwa nini.

Makaburini walisimama mstari wa nyuma. Bunduki zilipigwa mikupuo mitatu, tarumbeta ikalia, bendera ikakunjwa mara 13 na kukabidhiwa mama kwa maneno yale yanayotaja rais, jeshi na taifa. Mmoja wao, fundi wa umeme, alinieleza jambo ambalo wengine walimkataza kulisema: mpiga tarumbeta hakuwa akipuliza. Mashavu yake hayakujaa. Alikuwa sahihi, kwa sababu wapiga tarumbeta hai ni wachache, na tangu mwaka 2003 jeshi limeruhusu tarumbeta yenye kifaa ndani kinachotoa wimbo uliorekodiwa. Wenzake walilichukulia kama dosari ya heshima. Yeye alisema Sajenti angelifurahia, na angetaka kukifungua kifaa hicho aone betri yake.

Kabla sijaondoka, msimamizi alinitolea daftari la zamu la mwezi ambao Sajenti aliitwa jeshini. Mwandiko ule niliujua papo hapo, herufi kubwa zilizosimama wima, maana nilizisoma kila asubuhi ukingoni mwa Furati. Ukurasa wake wa mwisho hakuaga mtu. Aliandika kiwango cha klorini, kina cha tangi, na mstari mmoja: pampu namba 2 inavuja shingoni, msiikaze tena, ibadilisheni kamba ya kuzibia.

"Mliibadilisha?" niliuliza.

"Tuliikaza," alisema msimamizi, akatazama pembeni.

Niliomba nakala ya ukurasa huo, nikampelekea Mama. Aliusoma akiwa amesimama, akaketi, akausoma tena. Kisha akaniuliza swali lilelile nililowauliza wao, nami nikamwambia kwamba waliikaza na bado inavuja. Safari hii alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyemtambua mwanawe. Wiki mbili baadaye nilimpeleka kwenye mtambo, na wale mafundi sita, ambao walikuwa wakiishi maili nne kutoka nyumbani kwake na hawakuwahi kumbishia hodi kwa kuogopa bendera, walimpikia chakula cha mchana kwenye jiko la umeme la chumba cha zamu.

Mama yangu aliposikia habari hizo kwa simu alinishangaza kwa kumtaja ndugu wa bibi yangu, ambaye nilijua tu kwamba alikuwa Keya, yaani askari wa Kiafrika katika jeshi la Waingereza, na kwamba alikufa baharini. Aliondoka Kilindini mwezi wa Februari 1944 katika meli Khedive Ismail, iliyobeba watu zaidi ya 1,500, wakiwamo askari wengi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga, nayo ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu 1,297 walikufa. Hakuna kaburi. "Lakini bibi yako hakuwahi kumtaja kama askari," alisema mama. "Alisema alikuwa akipanda mnazi wa jirani usiku kuangua madafu, na siku ya safari alikuwa na deni la jirani huyo. Bibi ndiye aliyelilipa." Nilimuuliza kwa nini sikuwahi kuambiwa hayo. Akasema hukuuliza madafu, uliuliza vita.

Kila mwaka, Jumatatu ya mwisho ya Mei, Marekani huwakumbuka waliouawa vitani. Bendera hupandishwa nusu mlingoti hadi adhuhuri, kisha hupandishwa hadi juu. Maduka hutangaza bei nafuu za magodoro, moshi wa nyama ya kuchoma hujaa mtaani, na watu wema kabisa hunishukuru kwa utumishi wangu, wakichanganya siku hii na ile ya Novemba 11, ambayo ni ya walio hai. Zamani nilikasirika. Siku hizi nawajibu kwamba leo si yangu, na kama wana dakika tano nitawaeleza ni ya nani. Wengi wana dakika tano.

Sisi huenda makaburini saa nne asubuhi, Mama, mimi na mafundi wa maji, ambao sasa wawili wao wamestaafu. Juu ya mawe ya makaburi ya askari watu huacha sarafu, na kwa jinsi wanavyoelezana, senti 1 ni ya aliyezuru tu, senti 5 ya aliyefunzwa pamoja na marehemu, senti 10 ya aliyetumika naye, na senti 25 ya aliyekuwapo alipokufa. Mimi huacha senti 10. Mwaka wa kwanza mafundi walielezwa hesabu hiyo, na msimamizi akaikataa, akisema miaka 16 ya zamu ya usiku haiwezi kuwa senti moja. Alipapasa mfukoni, akatoa washa ya mpira, kile kipete cha kuzuia bomba lisivuje, ya bomba la inchi moja, akaiweka juu ya jiwe, na tangu hapo ndiyo desturi yao. Mtunza makaburi amezoea. Huzikusanya na kumrudishia msimamizi, naye huzitumia kazini.

Pampu namba 2 iliondolewa mtambo ulipofanyiwa ukarabati. Msimamizi alikifungua kibati chake cha shaba chenye namba, akakisugua kwa siki, na sote tukampelekea Mama. Nilidhani atakiweka kwenye kabati la kioo pamoja na bendera. Alikitazama pande zote mbili, akaenda nacho jikoni, akakibandika mlangoni pa jokofu kwa sumaku, juu ya ule ukurasa wa daftari, akauliza kama pampu mpya nayo inavuja.